Kuku Niliyemla Salamabila

Tangu nirudi, kila anayeingia kibandani kwangu na saa iliyosimama anaketi kwanza, kisha anauliza habari za Kongo. Nimekuwa nikijibu vipande vipande, na vipande hivyo vimeota miguu. Juzi nilisikia kwamba nilipambana na walinzi wenye mapanga nikamtoa Editha shimoni kwa kamba. Sikupambana na mtu. Nilikula kuku. Naandika ili anayetaka kusimulia asimulie kilichotokea.

Kabla ya kuvuka ziwa

Editha ni binti wa jirani yangu Mzee Zakaria, na ni fundi cherehani. Mwanamke mmoja wa usharika wetu hapa Kigoma, aliyekuwa akivuka ziwa kufuata vitenge, alimwambia kwamba Kongo kuna karakana ya kushona inayotafuta wasichana wenye mkono safi. Tuliwaombea wote wawili mbele ya madhabahu. Mwanamke yule aliitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Ninalitaja hilo kwa sababu hadi leo likinijia nikiwa na bisibisi mkononi, inabidi niiweke chini.

Miezi ilipita bila habari. Halafu simu iliingia kwa Mzee Zakaria, namba asiyoijua. Editha alizungumza kama mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja. Yuko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa mtu anayeitwa Mutumishi. Cherehani hakuna. Anatwanga mawe kutwa pamoja na wanawake wengine, hawalipwi na hawaruhusiwi kuondoka, na mtu huyo huwaambia majirani kwamba wote ni wake zake. Mwishoni akasema: "Atakayekuja, mwambieni asile kuku wa Mutumishi. Baba, asile kuku." Simu ikakatika.

Mzee Zakaria ana mguu mmoja uliopooza. Alinituma mimi niende kwa niaba yake, nizungumze kama yeye. Mlishike jambo hilo, maana ndilo lililoniponza. Kuhusu kuku, sote tuliafikiana kwamba binti anaogopa sumu au uchawi. Mimi niliongeza, kwa sauti ya mzee wa kanisa, kwamba aliyebatizwa haogopi kuku. Waliokuwepo wakatikisa vichwa kukubali.

Kigoma hadi Kasongo

Hatua hii ilikuwa ndefu, lakini haina mengi. Nilivuka ziwa hadi Kalemie, nikapanda malori kuelekea magharibi kisha kaskazini. Lori la mwisho lilibeba mihogo mikavu, na lilizama kwenye tope mpaka magurudumu yakapotea. Abiria walishuka, wakakata matawi, wakapika. Mwanamke nisiyemjua alinipa wali kwenye jani, bila kuniuliza jina. Nilipotaka kumshukuru kwa maneno mengi ya kwetu alinikatiza, akiniita baba kwa namna ya kule: "Papa, kula. Maneno itapoa pia."

Kwenye vizuizi vya barabarani, ambavyo huko ni kamba iliyonyooshwa kati ya vijiti viwili, niliulizwa kila mara ninatafuta nini. Mwanzoni nilisema ukweli: natafuta binti aliyeibwa. Jibu hilo lilizaa maswali mengine na kukawia kwingine. Abiria mwenzangu, mfanyabiashara wa chumvi, akaninong'oneza: "Sema uko natafuta zahabu. Hapo bote batakuelewa." Nilikataa, na kila kizuizi nikakaa juani muda mrefu kuliko wengine. Mtu akitafuta dhahabu anapita. Akitafuta mtu, lazima ajieleze.

Kasongo

Kasongo ni mji wenye misikiti na shule za misheni, na baiskeli zilizopakiwa magunia ya mchele mpaka mwendeshaji haonekani. Kiswahili chao nilikisikia vizuri, ingawa "iko" yao inafanya kazi ya maneno yetu kumi.

Mchungaji wetu alikuwa amenielekeza kwa Mama Feza. Ni mkulima wa mpunga, mjane, mtu wa kanisa kama mimi, na yeye na wenzake hupokea wasichana wanaotoroka machimboni: huwalisha, huwatafutia ndugu. Nilitarajia ofisi. Nilikuta uwanja uliofagiwa, mkeka wa mpunga unaokauka, na mama mnene mwenye jembe aliyenitazama viatu kabla ya uso.

"Karibu, Papa Yona. Ulilala njiani?"

"Nililala, mama. Ningependa tuondoke leo."

"Leo?" Akacheka. "Moto yenyewe iko natengenezwa. Kaa kwanza."

Tulikula wali na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese hadi yakawa meusi. Nilikula upesi, nikapanga mbele yake mpango wangu: nitamkuta mtu huyo kwa utulivu, nitamwona binti, kisha nitamweleza sheria, ambayo nilikuwa nimejisomea, ya kwetu na ya kwao. Mama Feza alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mutoto, kwa simu, alisema neno gani ingine?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Nilimwonea Editha aibu. Sikutaka mama huyu wa kanisa afikiri kwamba binti tuliyemlea sisi anaogopa uchawi wa kuku. Nikajibu: "Hayo tu, mama."

Kasongo hadi Lusangi

Dereva wetu wa pikipiki aliitwa Salumu, Mwislamu wa Kasongo, mwenye midomo isiyopumzika. Tulipanda wote watatu juu ya pikipiki moja, mimi katikati.

"Papa Tanzania," akasema kabla hatujamaliza mtaa wa kwanza, "usinikumbatie hivyo. Niko na bibi mbili, zitasikia wivu."

"Njia ni mbaya, bwana."

"Hii? Hii ni ile nzuri. Ile mbaya iko mbele."

Alikuwa mkweli. Tulishuka na kusukuma kwenye vilima, tukavuka vijito juu ya magogo. Wakati wa sala Salumu alisimamisha pikipiki popote tulipokuwa, akanawa kwenye dimbwi, akasali. Nilitazama saa yangu. Mama Feza aliniona nikiitazama.

Tulipofika Lusangi tulisikia kilio. Nyumba moja pembeni ya barabara ilikuwa imejaa watu, wanawake wameketi chini, wanaume wamesimama na vichwa wazi. Mama Feza alimgonga Salumu begani, pikipiki ikasimama. Akashuka, akafungua kitambaa kichwani, akajifunga kiunoni, akaenda kuketi chini katikati ya wanawake akaanza kulia. Nilifikiri amefiwa na dada. Baadaye nikaambiwa marehemu alikuwa mke wa binamu ya marehemu mume wake.

Nilingoja. Jua liliposogea nikamwita kando.

"Mama, tunachelewa."

"Tutalala hapa. Labda na kesho pia."

"Kuna mtu amefungwa kule!"

"Najua. Na hapa kuna mutu amekufa."

"Aliyekufa anaweza kusubiri."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kulia. Salumu akadakia: "Eh, Papa! Kwenu Tanzania maiti iko na subira?"

Baadhi walicheka mle mle kwenye machozi. Mimi sikucheka. Niliketi kwenye benchi la wanaume, nikapewa wali wa msiba, nikautafuna kwa hasira. Niliona uvivu wa watu wazima uliovikwa nguo ya desturi: binti wa miaka ishirini na kitu anatwanga mawe kama mnyama, na sisi tunakula wali tukimlilia mke wa binamu.

Asubuhi nikamwambia Mama Feza kwamba ninatangulia na Salumu. Hakubishana. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ningojee Kabambare. Usiingie Salamabila bila mwenyeji, Papa. Kule mugeni iko kama mutoto. Hata ukimupa kisu, atashika kwa upande wa makali."

Nikamwambia nitamngoja.

Kabambare

Nilimngoja, ila kidogo. Mvua ilinyesha, na nikautumia muda huo kwenda kwa afisa mmoja, ambaye sitamtaja wala idara yake, kueleza habari za Editha. Alikuwa mtu mpole. Alinipa kiti. Alisikiliza akimenya karanga, kisha akauliza: "Huyu bwana anasema ni bibi yake?"

"Anasema. Si kweli."

"Mambo ya ndoa," akasema, akapuliza maganda, "tunaachia familia."

Nikamwuliza ikiwa mtu akimwiba mbuzi na kusema ni mkewe, nalo pia litaachiwa familia. Alinitazama bila chuki. Akanipa karanga.

Nilitoka pale kwa hasira, karanga mkononi. Sijui kama mnaielewa hasira ya namna hiyo, inayokosa mahali pa kutua kwa sababu kila mtu ni mpole. Aliyemwiba aliombewa, aliyemnunua anaitwa mtumishi wa Mungu, na mwenye mamlaka ya kuuliza anakaribisha wageni karanga. Mvua ilipokatika nilimwamsha Salumu.

"Na Mama Feza?" akauliza.

"Atatukuta."

Alitazama nyuma, tulikotoka, akapiga teke pikipiki ikawaka.

Kabambare hadi Salamabila

Njia ile niliyoambiwa mbaya ndiyo hii. Zaidi ya hapo sitaieleza. Nitasema tu kwamba kabla hatujauona mji tuliusikia: chuma kikigonga jiwe, mahali pengi kwa pamoja, bila mpangilio, kama saa mia zilizoharibika. Salumu alisema: "Njo wanawake hao, banatwanga mawe."

Salamabila

Ni mji wa mabati na maturubai, wachimbaji wenye matope hadi masikioni, watu wa Bukavu, wa Fizi, wa Uvira, Wakristo na Waislamu, kila mmoja amekuja kwa muda na kila mmoja amechelewa kuondoka. Nyumba ya Mutumishi ilijulikana na wote. Ilikuwa na ukuta wa mbao na msalaba mkubwa uliopakwa rangi ya fedha. Nyuma ya ukuta ndiko vinu vya chuma vilikogongwa. Tairi la Salumu lilikuwa limepasuka mlangoni mwa mji, akabaki kuliziba. Niliingia peke yangu.

Mutumishi alikuwa mtu wa umri wangu, shati jeupe, mikono laini. Nilijitambulisha: mimi ni Yona, natoka Kigoma, nimetumwa na Zakaria, baba yake Editha, kusema kwa niaba yake. Nilijiandaa kwa ukali. Alinikumbatia.

"Baba amefika! Baba wa mutoto wetu amefika! Leteni maji ya kunawa!"

"Ningependa kumwona Editha kwanza."

"Utamuona. Mutu hawezi ona mutoto wake na njaa. Kula kwanza, baba."

Nilipima jambo hilo kwa uangalifu, kama ninavyopima chemchemi ya saa. Nikikataa chakula, nimemtukana. Akiudhika, anaweza kumficha binti. Nikila, nanunua utulivu. Isitoshe tangu Kabambare nilikuwa sijatia kitu kinywani ila karanga za yule afisa.

Mwanamke kijana alileta sahani, akapiga magoti, akaiweka mbele yangu. Mutumishi alimwita Zawadi. Mikono yake ilikuwa na vumbi la kijivu ambalo maji hayakulitoa, lililoingia kwenye mistari ya viganja. Kuku alikuwa mzima, na juu yake, peke yake, imewekwa firigisi. Zawadi aliinua macho akanitazama moja kwa moja, tena kwa muda mrefu, jambo ambalo mwanamke anayemwandalia mgeni halifanyi. Nilikumbuka maneno ya simu. Nikajibu moyoni: nimebatizwa.

Mutumishi aliomba. Lazima niseme, aliomba vizuri kuliko mchungaji wetu. Alimshukuru Mungu anayevuka maji na watu wake, anayeunganisha jamaa mbili zilizokuwa mbali. Niliitikia amina. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni kutazama, nikafikiri ni udadisi wa kumwona mgeni. Nikachukua firigisi, kama ambavyo kwetu mgeni wa heshima hufanya, nikaila.

Wanawake wa mlangoni wakapiga vigelegele. Wanaume wakamshika Mutumishi mkono.

Ndipo wakamleta Editha. Alikuwa amekonda, nywele zimekatwa, miguu peku, nyundo bado mkononi. Alinitazama mimi, akaitazama sahani yenye mifupa. Hakulia. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kuhusu nguo iliyosahauliwa kwa fundi:

"Baba Yona, hawakukupa ujumbe wangu?"

Bado Salamabila

Salumu alinikuta nimekaa juu ya jiwe nje ya ukuta, akanieleza. Desturi ya pale ni kwamba anayetaka mke huandaa kuku kwa mzee wa upande wa binti. Mzee akiila firigisi mbele ya mashahidi, ametoa neno lake. Hakuna wa kuuliza tena. Mutumishi alikuwa na wanawake bila ndoa. Kilichomkosesha usingizi ni kwamba siku moja ndugu angefika na kudai. Sasa ndugu alifika, akala.

"Umemuozesha, Papa," akasema Salumu, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Ningekuwa ndani ningekupiga mukono."

Nilikwenda kwa shefu wa mtaa, yaani mkuu wa mtaa, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu. Nilimsomea sheria kwa kichwa, kifungu kwa kifungu. Alisikiliza kwa heshima.

"Sheria iko," akasema. "Na kuku iko. Sheria yako haijafika hapa bado. Kuku ilifika, na batu walikuona."

"Alinidanganya!"

"Alikushikilia mudomo?"

Jioni ile nilijaribu kusali nikashindwa. Kila sentensi niliyoianza ilikuja na sauti ya Mutumishi. Nilimlalamikia Mungu kwa nini anaruhusu jina lake liwe turubai la kufunikia wizi, na nililalamika kwa haki, wala sijayaondoa malalamiko hayo. Lakini kila nilipofika kwenye orodha ya wahusika, palikuwepo mzee mmoja wa kanisa mwenye mafuta ya kuku kwenye ndevu.

Kesho yake mchana Mama Feza aliwasili, nyuma ya pikipiki nyingine, na mbele yake ameketi kikongwe mwembamba mwenye fimbo. Alikuwa Mama Mwamini, aliyekuwa msibani Lusangi. Nilimkumbuka: ni yule aliyelia karibu na Mama Feza. Kumbe ni shangazi wa shefu wa mtaa. Mama Feza alikuwa amelia naye siku zote zile ndipo akamwomba aje. Kwa nini angekuja kwa ajili ya mtu ambaye hakulia naye?

Mama Feza alinitazama usoni akajua.

"Ulikula."

"Nilikula."

"Firigisi?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, mama."

Mama Mwamini akasema kitu kwa Kibangubangu, wakacheka wote wawili mpaka kikongwe akashika ubavu. Kisha Mama Feza akanieleza dawa. Neno la mzee aliyekula halifutwi na mabishano. Linafutwa na mlaji mwenyewe, akija hadharani na kuku hai, akiketi chini, akisema kwamba hakula kama mzazi: alikula kama mlafi. Mlafi hana neno. Mlafi haozeshi mtu. Mwenye kuku akipokea kuku wake, yamekwisha, na binti anaulizwa mwenyewe.

"Siwezi kusema hivyo," nikajibu. "Mimi ni mzee wa kanisa. Si kweli kwamba ni mlafi. Nilikula kwa heshima."

"Si kweli wapi? Ulikuwa na njaa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Mutu alikukataza, ukala tu?"

Kisha nikamwambia maneno ya simu, yote, na kwa nini nilimficha. Mama Feza hakucheka tena. Aligeukia upande wa vinu.

"Basi ni kweli," akasema. "Nenda utafute kuku."

Nilimnunua sokoni, kuku jike mwekundu mwenye hasira. Salumu alitaka kunibebea, Mama Feza akamkataza. Nikambeba mwenyewe kifuani katikati ya soko, akinipiga mabawa usoni. Kufika uwanjani kwa shefu nilikuwa na umati nyuma yangu. Mutumishi aliketi kwenye kiti, shati jeupe jingine. Editha alisimama na wanawake wa vinu.

Niliketi chini, vumbini. Nilikuwa nimetayarisha maelezo. Nikayaacha.

"Mimi Yona wa Kigoma," nikasema, "nilipewa neno na binti huyu nisile. Nikala. Sikula kwa mdomo wa baba yake. Nilikula kwa mdomo wangu, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilijiona mjuzi. Mimi ni mlafi."

"Sauti, Papa!" akapaza Salumu kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

"Mimi ni mlafi!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake wakaanza wimbo papo hapo, wa mgeni aliyevuka ziwa zima kufuata firigisi, na kila ubeti ulikuja na tumbo langu. Watu waligaagaa. Mutumishi mwenyewe alicheka, akajipiga mapaja, akafuta machozi. Shefu wa mtaa akainuka, akamchukua yule kuku mikononi mwangu, akamnyooshea. Na Mutumishi, bado anacheka, akampokea.

Vicheko vilikatika upande mmoja baada ya mwingine. Alitazama alichoshika.

"Ngojeni," akasema. "Hapana. Hii ni muzaha."

"Umepokea," akasema shefu.

"Maandiko inasema mwanamuke..."

"Shika kuku yako vizuri. Itakuponyoka."

Mama Mwamini alimfuata Editha kwa fimbo yake, akasimama mbele yake, akimfikia kifuani tu. "Mutoto. Unamutaka huyu mwanaume?"

"Simtaki," akasema Editha. "Sikumtaka hata siku moja. Nilikuja kushona." Akaiweka nyundo chini, si kuitupa, akaiweka kama chombo cha mtu mwingine, akaja akasimama nyuma ya Mama Feza.

Kikongwe akaendelea mbele hatua moja. "Na wewe?"

Alikuwa Zawadi. Aliangalia chini. Aliwahi kufungua mdomo, nina hakika. Lakini shefu alitangulia: "Huyo wake hajafika."

Maana yake ni kwamba hakuna ndugu aliyekuja kumdai, na asiyedaiwa haulizwi. Nilisimama, nikasema kwa sauti kwamba hilo ni uovu, kwamba mtu si mzigo wa stesheni unaongoja mwenyewe aje. Nilisema kweli tupu. Watu wakaanza kuimba tena ule wimbo wa mlafi, bila ubaya, na Mama Feza akanivuta mkono.

"Leo huna mudomo," akaniambia. "Umeutoa kwa ajili ya mumoja. Wa mwingine tutautafuta." Nyuma ya ukuta mtu alikuwa ameshaanza kutwanga.

Kurudi

Tulipofika Lusangi nilimwomba Salumu asimame. Nikaenda kwenye nyumba ya msiba, ambako wengi walikuwa wameshaondoka, nikaketi chini. Hakuna aliyeniuliza. Mtu akaleta wali.

Kasongo tulikaa kwa Mama Feza hadi miguu ya Editha ilipopona. Alimshonea Mama Feza gauni kwa mkono, bila cherehani, na nilimwona akikagua pindo kwa ukali wake wa zamani. Njiani hakunilaumu hata mara moja. Ila kila tulipoletewa chakula alinitazama na kusema, kwa matamshi ya kule aliyoyazoea: "Papa mulafi, ngoja kwanza tuulize."

Kuhusu yule mwanamke wa vitenge, mambo yake yako panapohusika, na nafuatilia kwa kichwa kigumu. Kanisani wamenitaka nitoe ushuhuda kama mtu aliyekomboa. Nimekubali kusimama, na nitakachosema ni hiki mlichosoma.

Jumapili iliyopita Mzee Zakaria alichinja kuku kwa shukrani. Jirani zake wote walikuwepo. Mkewe aliandaa, na firigisi ikawekwa kwenye sahani yangu, kama ilivyo haki ya mgeni wa heshima. Watu wakasubiri nianze. Nikaichukua nikaiweka kwenye sahani ya Editha. Baba yake alishtuka, kwa sababu kwetu mwanamke haili.

Editha aliomba kisu. Akaikata katikati. Nusu akaila taratibu mbele yetu, bila kumtazama mtu. Nusu nyingine akaifunika kwa sahani, akamwambia mama yake asiiondoe.

"Ni ya nani?" mama yake akauliza.

"Ya Zawadi," akasema. "Hajaulizwa bado."